Somo: Kitoroli cha sokoni kwa sisi tunaotembea kwa miguu Lamu (soma kabla ya kuuliza)

Assalamu alaikum. Tangu Ramadhani nimeulizwa swali hili barazani, njiani, na juzi msibani. Msibani, jamani. Nimekaa mkekani na juzuu yangu, mtu ananinong'oneza, "Kile kitoroli chako ulikichaguaje?" Basi naandika mara moja. Atakayeniuliza tena nitamwelekeza hapa.

Kitoroli ninachosema ni kile cha fremu nyembamba, mfuko mrefu wa kitambaa na magurudumu mawili, unakivuta nyuma yako kama mbuzi wa Idi. Sisemi mkokoteni wa hamali, wala wilibaro ya fundi.

Hatua ya 1. Pima njia kwanza. Chukua futi, tembea kutoka sokoni hadi mlangoni kwako. Andika vitu viwili: kidato kirefu kuliko vyote, na mahali pembamba kuliko pote. Mimi kutoka soko la pembeni ya Ngome hadi kwangu Mkomani navuka mitaro minne, vidato vitatu vya sentimita 10 hivi, na kizingiti changu mwenyewe, ambacho marehemu babu aliona lazima kifike sentimita 19. Upana si tatizo ukiwa peke yako, kwani kichochoro kinachopitisha punda mwenye saruji kitakupitisha na wewe. Tatizo ni kupishana na huyo punda. Kitoroli kipana kuliko mabega yako kitabanwa kati yake na ukuta, na punda hana desturi ya kuomba radhi.

Hatua ya 2. Jumlisha uzito wa unachonunua. Pakiti ya unga kilo 2, lita ya maji kilo 1, trei ya mayai 30 inakaribia kilo 2. Ukinunua unga kwa bale, yaani pakiti 12, hizo ni kilo 24 tayari: mwite hamali, mlipe haki yake.

Hatua ya 3. Mfuko. Turubai, rangi ya giza, mdomo wa kamba wenye kifuniko, na uwe unavulika kwenye fremu ukafuliwe. Zipu huliwa na chumvi.

Hatua ya 4. Magurudumu. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo hapa tutakaa.

Kitoroli changu cha kwanza niliagiza Mombasa, kikaja na basi hadi Mokowe na boti hadi hapa. Kizuri, maua mekundu, mfuko una mifuko midogo ndani ya mifuko. Nikakisukuma sebuleni, kinateleza kama samli. Sikuangalia chini. Magurudumu yalikuwa ya plastiki ngumu, kipenyo cha sentimita 15, na kilichoyazuia yasichomoke ni kikofia cha bati kilichobandikwa kwa kusukumwa tu kwenye ncha ya chuma. Hakuna nati, hakuna pini.

Ijumaa ya kwanza nikaenda sokoni. Pakiti tatu za unga, nazi sita, trei ya mayai, nyanya, maembe ngowe, mchicha juu. Hazikufika kilo 17, na kibandiko cha dukani kilisema 30. Mtaro wa kwanza nikavuka. Wa pili nikasikia "tik", sauti ndogo kama ya mtu kuvunja kucha, nikaona gurudumu la kushoto linanipita. Linanipita mimi! Kitoroli kikalala ubavu, mfuko ukafunguka, na nazi zikalifuata gurudumu kwenye mteremko wa kwenda baharini. Wazee walikuwa barazani. Mmoja akanyanyua miwani akasema, "Bi, nazi zako zaenda kisiwani Manda." Punda aliyekuwa akipita akaanza na mchicha. Mayai mazima nilihesabu kumi na moja. Gurudumu lililetwa na mtoto. Kikofia hakikuonekana hadi leo. Muuzaji nilipompigia akaniambia nimepakia kupita kiasi.

Kwa hiyo, kabla hujatoa pesa:

Geuza kitoroli miguu juu. Shika gurudumu, livute nje kwa nguvu zako zote, muuzaji akikuangalia vibaya mwache aangalie. Unataka kuona washa (kile kiduara bapa cha chuma), kisha nati yenye duara la nailoni ndani, au tundu lenye pini iliyopindwa. Ukiona kikofia laini cha mviringo, rudisha.

Kisha pima kipenyo cha gurudumu, ukingo hadi ukingo, ugawe kwa mbili. Kidato kikifika nusu ya gurudumu, kitoroli hakivutiki tena, hata uwe na nguvu za nahodha. Kinabaki cha kuinua. Gurudumu la sentimita 15 nusu yake ni 7.5, na vidato vyangu ni 10. Nilikuwa nimeshindwa kabla sijatoka dukani. La sasa ni 25, nusu yake 12.5: vidato linapanda ukilivuta kwa nguvu kuelekea juu, kizingiti cha babu naliinua.

Nyuso za gurudumu ziwe mpira mzito usio na upepo. La upepo ni laini kweli, lakini miiba na vipande vya matumbawe vitakufanya mteja wa kudumu wa fundi baiskeli. Plastiki ngumu ikipita kwenye mawe alfajiri, mtaa mzima utajua umeamka.

Na yale ya matatu matatu kila upande, yanayozunguka kama pembetatu: yalitengenezwa kwa ngazi zinazolingana. Kwenye tambarare yanagusa chini manne badala ya mawili, kwa hiyo kona ni ngumu, na kila kigurudumu ni kidogo kiasi cha kuzama kwenye ufa wa mtaro.

Hatua ya 5. Fremu. Alumini ni nyepesi na haifanyi kutu nyekundu, lakini usidanganyike: angalia bolti zake. Bolti ya chuma cha kawaida ndani ya alumini, kwenye hewa yetu ya chumvi, inaila alumini pale pale inapogusana. Utaona unga mweupe, halafu tundu linalegea. Chuma kilichopakwa rangi kinafaa pia, mradi rangi haijachubuka kwenye viungio.

Hatua ya 6. Mpini. Simama wima, mkono umening'inia, kitoroli kimelala kidogo nyuma yako. Ukilazimika kuinama, ni kifupi.

Hatua ya 7. Jaribu kikiwa na mzigo. Muombe mwenye duka mfuko wa mchele wa kilo 10, tumbukiza, vuta, panda kidato cha mlangoni kwake, shuka. Akikataa, nawe kataa.

Hatua ya 8. Kupakia. Vizito chini na karibu na fremu, si mbele. Mzigo ukikaa juu ya magurudumu, mkono unaongoza tu. Ukikaa mbele, mkono unabeba.

Basi. Maswali.

Kijana wa Langoni: Ni shilingi ngapi na wauza wapi?

Jibu: Siuzi.

Kijana wa Langoni: Lakini bei hujaandika, somo halijakamilika.

Jibu: Sikuandika makusudi. Ya mwaka huu si ya mwakani, na ya Mombasa si ya hapa baada ya basi na boti. Hatua nane nimekupa bure, ya tisa nenda kaulize dukani.

Mama Pacha: Shoga, nimeona chenye magurudumu matatu kila upande, muuzaji kaapa kinapanda ngazi chenyewe. Nichukue?

Jibu: Hatua ya 4, mwishoni. Na "chenyewe" hakuna, mkono ni wako.

Mama Pacha: Nimesoma shoga, usinikaripie. Nauliza kwa sababu nakaa ghorofa ya pili, nyumba ya mawe, na goti langu la kulia halina heri.

Jibu: Hapo sasa umeuliza, nisamehe. Pima kila kidato cha ngazi zako, si kimoja. Nyumba zetu za kale ngazi zake zina hadithi, kimoja sentimita 18, kinachofuata 24. Vikilingana, chukua cha matatu matatu, kitakusaidia kweli, na njiani utakivumilia. Visipolingana, fanya kama dada yangu: kitoroli kinalala kwenye daka, pale ukumbini mlangoni, ndani yake kuna vikapu viwili vidogo, anapanda na kimoja, anapumzika, anashuka kuchukua cha pili. Goti linapanda mara mbili lakini na kilo 6, si 12.

Mwanafunzi: Shikamoo. Sijaelewa kwa nini kidato kikifika nusu ya gurudumu halipandi. Si ni nguvu tu?

Jibu: Marahaba mwanangu, swali zuri. Weka penseli mezani. Chukua kifuniko cha soda, kisimamishe kama gurudumu, kisukume kuelekea penseli, ukisukuma katikati yake. Kinagonga, kinasita. Sasa fanya hivyo na kifuniko cha kopo kubwa la maziwa. Kinapita. Ukingo wa penseli unaligusa gurudumu kubwa chini kabisa, kwa hiyo ukivuta linajikunja juu ya ukingo. Ukingo ukiwa sawa na katikati ya gurudumu, unavuta ukuta. Hakuna pa kujikunjia. Ndiyo maana huwa tunainua mpini kwanza: tukivuta kwenda juu, tunaongeza kile ambacho kuvuta mbele kumekosa.

Mgeni wa Malindi: Kwetu tuktuk inakufikisha karibu na nyumba, ila hatua mia za mwisho ni mchanga. Nusu ya gurudumu inasaidia nini mchangani?

Jibu: Kidogo tu. Mchangani kinachokuokoa ni upana wa tairi: jembamba linakata kama kisu, pana linakanyaga juu. Tafuta lenye upana wa vidole vitatu au zaidi. Na usisukume, vuta. Ukisukuma unalizamisha.

Bin Shela: Mimi natoka Shela kwa miguu kando ya bahari hadi mjini. Magurudumu yamefanya kutu ndani ya miezi miwili.

Jibu: Maji yakijaa unapita nayo ndani ya maji?

Bin Shela: Mara nyingine.

Jibu: Basi ni hiyo. Ama ufuate maji yakitoka, ama ukifika nyumbani suuza kwa maji yasiyo na chumvi, tena ya bomba, maana visima vingine vina chumvi yake. Kausha, kisha tone la mafuta ya cherehani kwenye chuma cha katikati. Na anayeshuka nacho gatini maji yakiwa yametoka, kumbuka zile ngazi za chini zina mwani: mfuko mkononi, fremu begani.

Mpishi Hodari: Mimi nilipaka mafuta ya kupikia, sasa gurudumu limekwama kabisa.

Jibu: Mafuta ya cherehani. Nimeandika hapo juu tu.

Mpishi Hodari: Nilipaka kabla ya kusoma.

Jibu: Haya. Fungua, futa ule ulimbo kwa tambara lenye mafuta ya taa, kausha, anza upya. Ya kupikia yanaganda na kushika mchanga.

Mama Pacha: Na maji ya samaki? Mfuko wangu wa zamani paka walikuwa wananisindikiza hadi nyumbani.

Jibu: Samaki asikae kwenye mfuko hata kidogo. Ndoo ndogo yenye kifuniko, chini kabisa, samaki ndani na barafu. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2017 wengi walikuwa wanatumbukiza samaki kwenye gazeti, na gazeti halizuii kitu. Nyanya na maembe weka kwenye kikapu cha ukili juu ya vyote. Ukili unapumua na unakubali kubonyea, nyanya haipondeki.

Kijana wa Langoni: Kutu mmezungumza. Je, mbuzi ya kukunia nazi ya mama nayo imeshika kutu kwenye meno. Mafuta ya cherehani?

Jibu: Usithubutu, utatulisha cherehani kwenye mbaazi! Isugue kwa majivu na ndimu, suuza, ianike juani mpaka ikauke kabisa. Na usiiache na tui usiku kucha. Umeona, ukiuliza vizuri unajibiwa.

Bin Shela: Nyongeza: mwenye magurudumu ya plastiki ngumu asitupe. Nilichukua mpira wa ndani wa baiskeli uliochakaa, nikakata utepe, nikazungusha na gundi ya pancha. Kelele zimekwisha, na kwenye mawe halitelezi.

Jibu: Hii sikuijua. Gundi uliacha muda gani?

Bin Shela: Usiku mmoja, nimefunga kwa kamba isifunguke. Usiweke tabaka mbili, litagusa fremu.

Jibu: Nina yale ya kitoroli cha maua bado uvunguni, nitayajaribu, ila kwanza nayatafutia nati. Na mpira ukikubakia niwekee kipande. Hiki changu kipya gurudumu la kulia limeanza kulia.