Bamba lenye tundu: lizibe kwanza, halafu toa

Kwa vijana wa kidato cha sita hapa Mbeya wanaokwama kwenye swali la kutafuta uga wa umeme wa bamba pana lenye chaji, lililotobolewa tundu la duara katikati: msianze kuintegreti kutoka ukingo wa tundu. Chukulia bamba ni zima, uga wake ni σ/2ε₀ (σ ni chaji kwa kila mita ya mraba, ε₀ ni kipimo kisichobadilika cha umeme katika ombwe). Kisha weka pale penye tundu kisahani cha nusukipenyo R chenye chaji −σ. Chaji mbili zinafutana, tundu linabaki tundu. Uga wa kisahani kwenye mhimili (mstari unaopita katikati ya tundu, wima kwa bamba), umbali z, ni −(σ/2ε₀)(1 − z/√(z²+R²)). Jumlisha uga wa vyote viwili:

E = (σ/2ε₀) · z/√(z²+R²)

Mfano: σ = 2 µC/m², R = 4 cm, z = 3 cm. √(z²+R²) ni 5 cm, kwa hiyo unazidisha 1.13 × 10⁵ kwa 0.6 na kupata takribani 6.8 × 10⁴ N/C. Hakikisha kila mara: z ikiwa 0, uga ni sifuri, z ikizidi sana R, unarudi kwenye bamba zima.

Inafaa kwa sababu uga ni vekta na kila chaji hutoa wake bila kujali jirani. Ila chaji ziwe zimetulia mahali pake, kama kwenye plastiki. Ukitoboa bamba la shaba, chaji zitahama na kurundikana ukingoni, σ haitakuwa ileile, na jibu litakuwa batili. Nje ya mhimili kujumlisha bado ni halali, lakini fomula hii ya kisahani haitumiki tena. Alama nyingi hupotea hapo.