Seva ya mafaili inajizima na kujiwasha yenyewe: anzia hapa

Usinunue kifaa chochote kabla hujajua seva inazimikaje.

1. Tunza logi (kumbukumbu za matukio ya seva). Kwenye Linux yenye systemd (programu inayosimamia huduma), tengeneza folda /var/log/journal, kisha restati systemd-journald. Tatizo likijirudia, andika `journalctl -b -1 -e`. Ukikuta huduma zimefungwa moja baada ya nyingine, kuna programu iliyotoa amri: masasisho ya kiotomatiki, au ile ya UPS (betri ya akiba ya umeme). Logi ikikatika ghafla, shuku umeme, RAM au joto. Ila keneli (kiini cha Linux) ikianguka nayo mara nyingi haiwahi kuandika kitu. Weka `sysctl kernel.panic=0` na uache skrini imechomekwa: ikiganda na maandishi, ni keneli; ikijiwasha tu, nenda hatua ya 2. (Zima watchdog kwanza, la sivyo itaiwasha upya na kukupoteza.)

2. Umeme. Hapa ndipo wengi hukwama. Diski ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka huweza kuvuta ampea 2 hivi kwenye laini ya volti 12. Diski sita ni karibu wati 144 kwa mpigo. Pima waya wa njano na mweusi wa Molex (plagi ya pini nne ya pawa saplai) diski zote zikiwa kazini: isishuke chini ya volti 11.4 wala kuzidi 12.6. Lakini multimita haioni mshuko wa milisekunde, kwa hiyo kipimo kizuri hakiitakasi pawa saplai. Jaribu nyingine iliyo nzima. Kagua pia vigawanyio vya SATA (nyaya zinazogawa umeme kwa diski). Plastiki iliyobadilika rangi, tupa.

3. RAM. Zima XMP (mpangilio unaoharakisha RAM), endesha Memtest86+ usiku kucha. Kosa moja tu linatosha kuihukumu.

4. Joto. Vumbi, feni, pesti ya prosesa.

Swali: Mkuu, yangu hujizima Jumapili usiku tu.
Jibu: Angalia ratiba. Scrub ya ZFS (mfumo wa mafaili ukisoma na kukagua data yote) au ukaguzi wa RAID (diski kadhaa zilizounganishwa) huamsha diski zote pamoja. UPS nayo ikijipima na betri imechoka, hukata umeme papo hapo.

Swali: Ikiwa na kazi haina shida, ikitulia inajizima. Prosesa ni Ryzen ya kizazi cha kwanza.
Jibu: Kwenye BIOS (menyu ya mipangilio kabla mfumo haujawaka) tafuta Power Supply Idle Control, weka Typical Current Idle.

Swali: Mafaili je, yatakuwa salama?
Jibu: Kama unatumia ZFS, `zpool status -v` itaonyesha yaliyoharibika. Scrub isubiri mpaka RAM ifaulu.