Kabla ya Kupanda Kuba la Brunelleschi, Florence, Italia

Ngazi 463, na lifti hakuna. Anza na hesabu hiyo kabla hujagusa tovuti ya tiketi. Nyumba zetu za ghorofa huwa na ngazi kama 18 au 20 kutoka sakafu moja hadi nyingine, kwa hiyo kupanda kuba la kanisa kuu la Santa Maria del Fiore ni sawa na kupanda zaidi ya ghorofa 20 kwa miguu, tena ndani ya njia nyembamba ya mawe.

Wembamba wenyewe una sababu. Filippo Brunelleschi na mafundi wake walilijenga kuba hili kuanzia 1420 hadi 1436 bila jukwaa la mbao la kulishikilia kutoka chini, maana upana wa karibu mita 45 ungehitaji msitu mzima wa mbao. Walijenga magamba mawili, la ndani na la nje, yakibebana, na katikati wakaacha upenyo wa mafundi kupita. Humo ndimo unamopita leo. Njia hiyo haikukusudiwa watalii wenye mabegi mgongoni. Kadiri unavyopanda ukuta unakuinamia, kwa sababu unafuata mviringo wa gamba, na kipande cha mwisho ni mwinuko mkali hasa. Ukichoka katikati, nyuma yako kuna foleni inayopumua kisogoni.

Kwa hiyo jiulize kwa ukweli kuhusu moyo, pumu, magoti, kizunguzungu na hofu ya mahali pa kubana. Mjamzito abaki chini. Abakiye chini hajakosa kila kitu, nitalifikia hilo. Aliye mzima lakini hajazoea, wiki mbili tatu za kupanda ngazi za kazini badala ya lifti zinamtosha. Viatu viwe vya soli isiyoteleza. Mawe yale yamesuguliwa na nyayo za miaka mingi.

Tiketi ndiyo inayowaangusha wengi. Kuingia kanisani ni bure, ila kupanda kuba ni kwa tiketi ya siku na saa maalumu, na majira ya joto nafasi huisha mapema sana. Nunua kwenye tovuti ya Opera di Santa Maria del Fiore, taasisi iliyoundwa 1296 kusimamia ujenzi na ambayo hadi leo ndiyo mwenye nyumba. Wachuuzi wanaokufuata uwanjani mbele ya kanisa na bei zao waache wapite. Jina liandike kama lilivyo kwenye pasipoti, na pasipoti yenyewe uwe nayo mlangoni. Ukichelewa saa yako, usitegemee kuhurumiwa.

Kwa anayetoka Dar es Salaam au Nairobi, mpangilio una umuhimu wake: kwanza viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, ambayo ombi lake hutaka uthibitisho wa malazi, hivyo shika nafasi ya hoteli inayoweza kubadilishwa; kisha tiketi ya kuba, halafu ndipo upange tarehe za mwisho za hoteli. Ombi la viza hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na lisichelewe kupita siku 15. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi. Hoteli Florence ni nyingi na tarehe zake zinahamishika. Saa ya kuba haihamishiki kirahisi hivyo. Na usishtuke ukiona neno Firenze kwenye mabango ya treni, ni mji huohuo. Shuka stesheni ya Santa Maria Novella. Hadi uwanjani ni mwendo wa kama dakika kumi kwa miguu. Gari la kukodi liache nje ya katikati ya mji, kwa sababu kamera hupiga picha namba za magari yasiyo na kibali, na faini itakufuata hadi nyumbani.

Mavazi: mabega na magoti yafunikwe, mwanamke kwa mwanamume. Kaptura na fulana za kamba hurudishwa mlangoni. Kanga moja mkobani inamaliza tatizo hili, na inapendeza kuliko vile vitambaa vya karatasi wanavyouziwa wageni. Begi kubwa liache hotelini au mahali pa kuhifadhia mizigo stesheni. Jumapili ni siku ya ibada, hivyo usiipange kuwa siku ya kutalii ndani ya kanisa.

Ningekushauri pia uanze na makumbusho ya Opera, yaliyo nyuma ya kanisa, siku moja kabla ya kupanda. Kuna mifano ya mbao ya kuba na vifaa vya ujenzi, pamoja na milango ya shaba ya mchongaji Ghiberti, iliyotengenezwa kwa jengo la ubatizo lililo mbele ya kanisa, ile halisi. Inayong'aa uwanjani ni nakala. Ukishaona mifano hiyo, utajua cha kutafuta ukiwa juu: matofali yaliyopangwa kama miiba ya samaki, safu zilizolala zikibanwa na safu zilizosimama, ili kazi isiporomoke kabla chokaa haijashika. Njiani utapita chini kidogo ya picha za Hukumu ya Mwisho za wachoraji Vasari na Zuccari, zilizochorwa 1572 hadi 1579. Mashetani yao yanatisha zaidi kwa karibu.

Wewe unayetaka kupiga picha ya kuba, kumbuka ukiwa juu yake hulioni. Liangalie kutoka mnara wa kengele wa Giotto, ngazi 414, wenye sakafu za kupumzikia njiani.

Na yule aliyebaki chini azunguke upande wa kusini, akaitafute sanamu ya Brunelleschi aliyeketi, macho juu, akilitazama kuba lake. Kisha aende nyuma ya kanisa, akitazama chini. Kuna duara la marumaru nyeupe kati ya mawe ya sakafu. Ndipo ulipoangukia mpira wa shaba wa kileleni, kazi ya mchongaji Verrocchio, uliopandishwa 1471 na baadaye ukapigwa radi. Watu wengi hulikanyaga bila kujua.