Kulainisha kipaji chenye mfupa wa nyusi uliotokeza

Jua la utosi la Malindi halimfichii mtu kitu. Saa sita mchana mfupa wa nyusi uliotokeza huangusha kivuli juu ya macho yote mawili, na jasho likiupaka mng'aro huonekana zaidi. Kwa mwanamke aliyebadili jinsia anayetaka kipaji cha uso kilicho laini, njia ni mbili: kupunguza kilichotokeza, au kujaza palipobonyea juu yake. Homoni hulainisha ngozi, ila mfupa uliokwisha kukomaa haurudi nyuma.

Anza na yasiyo na kisu. Saluni, mwambie msusi atoe nyusi kwa uzi upande wa chini tu, ainue tao kwenye theluthi ya nje. Asizikondeshe mno: nyusi nyembamba huuacha mfupa uchi. Poda iwe isiyong'aa, rangi moja nyeusi kuliko ngozi juu ya mfupa, na nyepesi kidogo penye bonde la juu yake. Ukigeuza, utakuwa umeuchora mfupa badala ya kuuficha.

Mtandio ni msaada ambao madaktari hawautaji. Kitambaa kikikazwa bapa juu ya kipaji, kwa upande hufuata umbo la mfupa vilevile. Vaa kofia ya ndani yenye unene kidogo, ukingo wake ukae katikati ya kipaji, halafu mtandio uuache na mkunjo mlegevu. Bonde limejaa, na umbo la upande linakuwa la mviringo. Jipige picha ya ubavu, si ya mbele, ndipo ujue umefaulu.

Botoksi, sindano ya kulegeza misuli, huinua ncha ya nje ya nyusi kwa milimita chache, kwa miezi mitatu au minne. Sindano ya kujaza bonde huleta mviringo wa muda, lakini hapa usifanye mchezo: mishipa ya damu ya kipaji imeungana na ya jicho, na tone likiingia ndani ya mshipa laweza kupofusha. Silikoni ya majimaji ya mitaani, kamwe.

Upasuaji huamuliwa na kilicho nyuma ya mfupa, wala si na picha ya simu. Ndani ya kipaji mna sinasi, yaani uwazi wa hewa, na ukuta wake wa mbele mara nyingi una unene wa milimita chache tu. Kwa hiyo piga picha ya CT (eksirei ya kompyuta) ya vipande vyembamba, uombe na mwonekano wa ubavu. Daktari Douglas Ousterhout wa San Francisco, aliyeandika juu ya kazi hii mwaka 1987, aligawa vipaji kwa makundi ambayo bado yanatumika. Ukuta ukiwa mnene, au sinasi haipo, unakerezwa tu. Mfupa ukiwa umetokeza kiasi na bonde ndilo tatizo, hujazwa kwa simenti ya mfupa. Sinasi ikiwa kubwa na ukuta mwembamba, kukereza hutoboa kabla umbo halijabadilika: kipande cha mbele hukatwa, hurudishwa nyuma na kufungwa kwa vibao na skrubu za titani. Anayekuahidi kukereza bila kuangalia CT, mwache.

Mkato hupita ndani ya nywele kutoka sikio hadi sikio, au kwenye mstari wa nywele. Wa pili waweza kuteremsha nywele zilizorudi nyuma, lakini kovu liko wazi. Mwenye makovu yanayovimba alitaje hilo mapema. Utosi kufa ganzi kwaweza kudumu miezi. Baada ya kurudisha mfupa usipenge kamasi mpaka daktari akuruhusu, na chafya uitoe mdomo wazi, kwani hewa hupenya chini ya ngozi. Maji mepesi ya chumvi yakitiririka puani, hospitali usiku huohuo.