Nyanya zenye mabega ya njano: angalia potasiamu kabla tunda halijakua

Nyanya ikiwa nyekundu chini lakini mabega, pale karibu na kikonyo, yakabaki ya njano na magumu, wanunuzi wa soko la Marikiti, Nairobi, huitenga. Ikate: chini ya ganda utakuta nyama nyeupe isiyo na ladha, ile ambayo mpishi wa kachumbari huitupa. Wengi hudhani ilichumwa mapema, wakaiacha shambani siku chache zaidi. Haisaidii. Seli za sehemu hiyo huharibika tunda likiwa bado dogo na la kijani, na jambo la kwanza la kuchunguza ni potasiamu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tani moja ya nyanya hubeba takriban kilo 2.4 za potasiamu, sawa na kilo 2.9 hivi za K2O, kipimo kinachoandikwa kwenye mfuko wa mbolea. Grinihausi ya mita 8 kwa 30 ikitoa tani 3, matunda peke yake yameondoka na potasiamu iliyomo katika kilo 17 hivi za salfeti ya potasiamu (0-0-50, yaani asilimia 50 ni K2O). Sasa tazama desturi yetu: mbolea ya 17:17:17 (naitrojeni, fosforasi na potasiamu) wakati wa kupanda, kisha CAN, mbolea ya naitrojeni na kalisi, mara mbili au tatu. CAN haina potasiamu hata chembe. Naitrojeni yake ikizidi, majani hunawiri na matunda huiva mabaka mabaka.

Udongo nao una mambo yake. Ule mweusi wa mfinyanzi wa Ruai, Njiru na Embakasi, mashariki mwa Nairobi, huwa na kalisi na magnesi nyingi, na hizo hushindana na potasiamu kwenye mizizi. Chukua mfano: maabara inakupa potasiamu 0.9 cmol/kg (kipimo cha madini yaliyoshikwa na udongo). Kwenye udongo mwekundu wenye uwezo wa kushika madini wa 18 kwa kipimo hichohicho, hiyo ni asilimia 5 ya uwezo huo, inatosha. Kwenye udongo mweusi wenye uwezo wa 45 ni asilimia 2 tu, na mabega ya njano yanaweza kuonekana ingawa ripoti imeandika “ya kutosha”. Kwa hiyo unapopeleka sampuli maabara, omba pia kalisi, magnesi na uwezo wa udongo kushika madini, la sivyo nusu ya habari itabaki huko.

Anza kulisha mara kichala cha kwanza kinaposhika matunda, usingoje rangi. Kwa miche 480 na wiki 14, zile kilo 17 zinakuwa kilo 1.2 kwa wiki, yaani gramu 2.5 kwa kila mche. Rekebisha kulingana na kipimo cha udongo na samadi uliyoweka. Tumia aina ya unga inayoyeyuka, uikoroge katika lita 40 za maji, ichuje, ndipo uipitishe kwenye mipira ya matone. Usiichanganye na kalisi naitreti katika pipa moja: jasi itaganda na kuziba matundu. Hizo zipewe siku tofauti.

Kloridi ya potasiamu (0-0-60) ni ya bei nafuu na hufaa shamba la wazi linalopata mvua ya kusafisha chumvi. Ndani ya grinihausi inayotumia maji ya kisima yenye chumvi, iache. Jivu la kuni lina potasiamu, lakini hupunguza asidi ya udongo. Linafaa udongo mwekundu wa Dagoretti, si udongo mweusi ambao mara nyingi tayari una magadi.

Na kunyunyizia majani? Pampu ya lita 20 yenye gramu 200 za naitreti ya potasiamu (13-0-46) hubeba gramu 92 tu za K2O. Kufikia kilo 8.7 zinazohitajika kwa tani 3, ungepiga pampu 95 hivi. Ni kiraka tu cha kusaidia mizizi dhaifu.

Usizidishe vilevile. Potasiamu nyingi huzuia kalisi, na kuoza kitako huongezeka, hasa maji yakipewa leo mengi, kesho hakuna. Majani ya chini yakigeuka njano kati ya mishipa yanayobaki kijani, magnesi imepungua. Kingo za majani ya zamani zikiungua, potasiamu ndiyo inayokosekana.

Kuna visa ambavyo mbolea haihusiki. Januari hadi Machi joto ndani ya grinihausi likipita nyuzi 30, tunda hushindwa kutengeneza rangi nyekundu huku ile ya njano ikiendelea. Fungua pande zote na utandaze neti ya kivuli. Julai mawingu hupunguza mwanga, na kasoro hurudi kwa njia nyingine. Mistari ya njano inayofuata vyumba vya tunda huashiria inzi weupe, kwa hiyo geuza majani uwatafute. Aina zenye mabega ya kijani kibichi tangu utotoni huathirika zaidi. Muulize muuza mbegu kama aina yake huiva kwa usawa.

Katika miezi ya joto, chuma tunda likianza kugeuka rangi, uliivishe kivulini kwenye nyuzi 20 hivi. Rangi itakuwa bora kwa matunda mazima. Yenye nyama nyeupe ndani hayabadiliki.