Udongo uliomwagikiwa oili chafu usiufukie, uchanganye na samadi

Oili chafu ilipomwagika uani kwetu Tandika, kando ya gereji, nilijifunza kwamba udongo wake hutandazwa juu ya turubai kwa kina cha shubiri moja, ukachanganywa na samadi iliyooza vizuri, kisha ukageuzwa kwa koleo kila wiki kwa miezi kadhaa. Bakteria wanaokula mafuta tayari wamo udongoni; wanachokosa ni naitrojeni na fosforasi, ambazo samadi huwapa, pamoja na hewa, na ndiyo maana udongo uliofukiwa huendelea kunuka. Meli ya Exxon Valdez ilipomwaga mafuta Alaska mwaka 1989, baadhi ya fukwe ziliwekwa mbolea kwa sababu hiyohiyo, na kule ni baridi; sisi joto tunalo bure. Maji yatoshe udongo kushikamana ukiufinya, bila kuchuruzika. Masika ndiyo huharibu kazi, kwa kuwa udongo ukirowa chepechepe hewa haipiti, basi uezekee bati. Tena risasi ya betri haitoki kwa njia hii, maana metali haiozi, hivyo usipande mchicha hapo hata harufu ikiisha.