SOMO: Jinsi ya kuanza kukusanya stempu na barua za posta binafsi za Marekani (1842 mpaka 1861)

Wakuu habari zenu. Wengi mnaniulizaga vile vistempu vya ajabu visivyo na jina la nchi ni vya wapi, nikaona bora niweke somo moja tumalize.

Iko hivi. Kabla ya katikati ya 1845 posta ya serikali ya Marekani ilikuwa inakamua watu kweli kweli, barua ya karatasi moja tu toka New York kwenda Boston ilikuwa senti 18 na robo tatu, ukiweka karatasi mbili unalipa mara mbili. Wajanja wakaona hela hapo. Alexander Greig akafungua City Despatch Post pale New York tarehe 1 Februari 1842, senti 3 barua inazunguka ndani ya jiji, na akachapisha stempu yenye sura ya Washington, ndio stempu ya kwanza ya kubandika Marekani, serikali yenyewe ilikuja kutoa za nchi nzima 1847! Agosti mwaka uleule serikali ikaichukua biashara yake. Alafu wakaja wale wa kubeba barua mji kwa mji, kina Hale & Co. na Pomeroy, na Lysander Spooner, mwanasheria mbishi ambaye 1844 alianzisha American Letter Mail Company akidai katiba inairuhusu serikali kuwa na posta ila haimkatazi mtu mwingine kuwa na yake. Stempu yake ina tai na imeandikwa kabisa kwamba 20 ni dola moja. Wakakamatwa, wakashtakiwa, ila watu walishaonja bei ya chini, Congress (bunge la Marekani) ikabidi ishushe: kuanzia 1 Julai 1845 senti 5 mpaka maili 300, zaidi ya hapo senti 10, na hapohapo ikawafungia njia hao wa mji kwa mji. Wa ndani ya miji waliendelea mpaka sheria ya 1861, japo wachache kama Boyd's ya New York waling'ang'ania mpaka miaka ya 1880.

Hatua ya 1: chagua kona moja. Kampuni zilikuwa nyingi mno, ukitaka zote utafilisika. Mimi namshauri anayeanza aanze na Blood's ya Philadelphia, barua zake zipo za kutosha sokoni na ndani yake kuna vituko. Mojawapo ya stempu zake za mwanzo inaonyesha jamaa mkubwa kabisa anavuka majengo ya mji kwa hatua moja na begi la barua.

Hatua ya 2, na hii ndio somo lenyewe, mengine yote ni nyongeza: NUNUA BARUA NZIMA, achana na stempu iliyobanduliwa. Stempu peke yake haiwezi kujitetea. Barua ina tarehe, ina anwani, ina muhuri, ina mwandiko, vyote hivyo vinatakiwa vikubaliane. Kampuni iliyofungwa 1844 haiwezi kubeba barua ya 1850, hapo hata huhitaji mtaalamu.

Mfano mzuri ni hizo Blood's za baadaye, vidogo, vina maandishi rangi ya shaba kwenye weusi unaong'aa. Ili mtu asiitumie tena walikuwa wanaipaka tindikali. Kwahiyo ukiiangalia kwa lenzi unakuta mng'ao umeliwa na kuna doa la kahawia limetoka kwenye stempu limeingia mpaka kwenye karatasi ya bahasha. Mgeni anaona uchafu anairuka, mzoefu anaitafuta hiyo hiyo, kwasababu doa linalokatiza stempu na bahasha ni ushahidi kwamba vilikuwa pamoja siku ile.

Hatua ya 3: ogopa feki. Huku feki ni nyingi kupita maelezo. Miaka ya 1860 wakusanyaji walizitaka sana hizi stempu wakati kampuni nyingi zimeshakufa, basi S. Allan Taylor wa Boston akawa anachapa tu, mpaka za kampuni ambazo hazijawahi kuwepo duniani. George Hussey ambaye mwenyewe alikuwa na posta yake New York nae akachapisha za wenzake akawauzia wakusanyaji. Ukiona mtu anauza muundo uleule kwa rangi sita mpyaaa, pita hivi.

Hatua ya 4: katalogi na cheti. Kwenye katalogi ya Scott (kitabu cha orodha ya stempu cha Marekani) hizi zina namba zenye herufi L, Blood's ni 15L, Boyd's 20L, Hale 75L. Kitu cha hela nyingi usilipe bila cheti cha wataalamu kwamba ni halisi, Philatelic Foundation ya New York wanatoa.

Kutunza: kibano, mifuko isiyo ya PVC, mbali na jua. Basi.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Tanga: Mkuu nina Pomeroy's senti 5 mpya kabisa, karatasi nzima haijakatwa. Nimeula?
Jibu: Pole mkuu, hizo mpya ziko kibao, ni mabaki na zilizochapwa tena baadae. Weka kwa ajili ya uzuri wake. Ingekuwa juu ya barua ya 1844 tungeongea lugha nyingine.

Mdau wa Dodoma: Naweza kuloweka kwenye maji niitoe kwenye bahasha ikae vizuri kwenye albamu?
Jibu: Usithubutu!! Soma tena hatua ya 2.

Mdau wa Mombasa: Kaka mimi nataka za Pony Express, nianzie wapi?
Jibu: Barua iliyobebwa na farasi 1860 na 1861 ni maelfu ya dola, tuache ndoto kwanza. Tafuta bahasha za serikali zilizochapwa nembo ya Wells Fargo (kampuni binafsi ya kubeba barua na mizigo), za California, sheria iliwalazimu walipie na posta ya serikali ndio maana unakuta alama mbili kwenye bahasha moja. Bei yake inavumilika.

Mdau wa Mombasa tena: Na huku kwetu hakukuwa na kampuni?
Jibu: Ipo, Imperial British East Africa Company, ila hiyo ilikuwa na hati ya kifalme ya 1888, haikuwa inakimbizana na serikali kama Spooner. 1890 walianza na stempu za Uingereza zilizogongwa jina la kampuni na bei za anna (hela ya India), alafu wakatoa zao za jua na taji. Zikipungua hapo Mombasa ofisa anaandika bei mpya kwa kalamu na kuweka vifupisho vya jina lake, A.D. au A.B. 1895 serikali ikachukua. Mpya za bei ndogo hazikutoi jasho, ila barua iliyotumwa kweli toka Mombasa au Lamu ni adimu, na hizo za kuandikwa kwa kalamu wahuni wanaziandika mpaka leo, usinunue bila cheti.

Mdau wa Tanga: Kwahiyo ile karatasi yangu ya Pomeroy's naweza kuuza hata kidogo?
Jibu: Unaweza, ila mwambie mnunuzi ukweli ni nini.